Teknolojia na Desturi za Kazi: Mafunzo kutoka Nchi Jirani

Mtambo waweza kununuliwa kwa fedha, ukapakiwa melini, ukateremshwa bandarini na kufungwa mahali pake katika muda wa miezi michache. Lakini namna ya watu kufanya kazi pamoja kando ya mtambo huo haiuzwi wala hainunuliwi. Nani atasema akiona kasoro, nani atabeba hasara jambo likiharibika, nani ataruhusiwa kujaribu kitu ambacho hakijapata kujaribiwa: mambo hayo huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na desturi ambazo watu wamelelewa nazo tangu utotoni. Ndiyo sababu mradi ule ule, wenye mitambo ile ile na michoro ile ile, waweza kustawi katika nchi moja na kufa katika nchi nyingine.

Wataalamu wa mataifa ya nje wameandika vitabu vingi juu ya jambo hili. Mmoja wa wanaotajwa sana ni Geert Hofstede wa Uholanzi. Mwaka 1980 alitoa kitabu kilichotokana na hojaji zaidi ya 100,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi za dunia kati ya mwaka 1967 na 1973. Kwa kutumia majibu hayo aliyapanga mataifa katika ngazi: wapi wadogo huwaogopa wakubwa, wapi watu huyachukia mambo yasiyo na uhakika, wapi mtu hujitazama peke yake na wapi hujiona kuwa sehemu ya jamaa zake. Katika hesabu zake za baadaye, Tanzania, Kenya, Zambia na Ethiopia ziliwekwa katika fungu moja lililoitwa Afrika Mashariki. Nchi nne zenye historia mbalimbali, lugha mbalimbali na siasa mbalimbali zikapewa tarakimu moja.

Kazi ya mtaalamu huyo imewafungua wengi macho, na si haki kuibeza. Lakini wako waliozichukua tarakimu hizo wakatoa hukumu za haraka: kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii, kwa hiyo hathubutu jambo jipya, kwamba humheshimu mkubwa, kwa hiyo hawezi kuvumbua. Mambo yaliyotendeka katika nchi jirani kwa muda wa miaka ishirini na zaidi yanaonyesha kwamba hukumu hizo ni nyepesi mno. Yanaonyesha kuwa desturi ya kushirikiana yaweza kuwa ndiyo chanzo cha ujasiri. Na kwamba desturi hiyo hiyo, ikikosa ruhusa ya kusema kweli, yaweza kuwa kaburi la mradi.

Mfano wa kwanza unatoka Kenya. Mwezi Oktoba mwaka 2005 yalianza huko majaribio ya kutumia simu za mkononi katika mambo ya fedha. Fedha za kuanzia zilitoka katika kampuni ya Vodafone na katika mfuko wa serikali ya Uingereza, na utekelezaji ulikuwa chini ya kampuni ya Safaricom. Wateja wa majaribio hawakuzidi mia tano, nao walikuwa wakopaji wadogo wa Nairobi na Thika. Madhumuni yalikuwa finyu: mkopaji alipe rejesho la mkopo wake kwa simu badala ya kubeba fedha mfukoni.

Mikopo hiyo ilikuwa imejengwa juu ya desturi ambayo kila mwanamke wa sokoni katika Afrika Mashariki anaifahamu, awe anaiita chama au upatu. Wakopaji walikuwa katika vikundi. Kikundi kilikutana kwa ratiba, kila mmoja akatoa rejesho lake mbele ya wenzake, na wote wakadhaminiana. Aliyeshindwa alisaidiwa, na aliyekwepa alionwa na kila mtu. Simu ilipoingia, mtu aliweza kulipa bila kufika mkutanoni. Kwa wahandisi hayo yalikuwa mafanikio. Kwa waendeshaji wa mikopo ilikuwa hatari, kwa maana mkutano ule haukuwa upotezaji wa wakati kama ulivyodhaniwa. Mkutano ndio uliokuwa dhamana yenyewe. Mtambo ulikuwa umeondoa kazi ya kubeba fedha, lakini ulikuwa pia unakaribia kuuondoa ule umoja uliofanya fedha hizo zirudi.

Wakati huohuo, waliokuwa wakiwafuatilia wateja waligundua mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Mtu aliweka fedha zake katika simu kabla ya kusafiri na kuzitoa alikofika, kwa kuwaogopa wezi wa njiani. Mwingine alimlipia mwenzake rejesho, na mwingine akampelekea fedha ndugu yake. Wakuu wa mradi walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwashurutisha wateja waufuate mpango ulioandikwa. Ya pili ilikuwa kukiri kwamba mpango umekosea na wateja ndio walio sawa. Walishika ile ya pili. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa ilikuwa ya kupelekeana fedha, na kabla ya mwaka huo kwisha wateja wake walikwishazidi milioni moja.

Siri ya mafanikio hayo ni wajibu wa kale. Kijana aliyetoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini alikuwa na deni kwa wazazi na wadogo zake, na kabla ya hapo fedha zake zilisafiri katika bahasha mikononi mwa dereva wa basi au jamaa anayekwenda likizo. Wajibu huo haukuletwa na simu. Simu iliukuta, ikaurahisishia njia.

Lakini wajibu na umoja peke yake havitoshi kuwafanya watu wathubutu. Yafaa kuangalia jinsi hasara ilivyogawanywa. Wakala wa dukani alitakiwa kutanguliza fedha zake mwenyewe kabla ya kuhudumia mteja yeyote, ili akiponyokwa na uaminifu, hasara iwe yake. Fedha za wateja ziliwekwa benki chini ya udhamini, mbali na mali ya kampuni, ili kampuni isije ikazitumia. Benki Kuu ya Kenya iliikagua huduma hiyo na kuiachia iendelee ingawa sheria mahususi ya mifumo ya malipo haikupitishwa hadi mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka 2008 yalipozuka maswali juu ya usalama wa huduma hiyo, serikali iliagiza ichunguzwe, na Januari 2009 ikatangazwa kwamba huduma ni salama. Hapo ndipo unapoonekana ujasiri wenye akili. Kuthubutu si kufumba macho. Ni kujua mapema nani atalipa jambo likienda mrama, na kuhakikisha kwamba atakayelipa si mjane aliyeweka akiba yake ya mwisho.

Mfano wa pili unatoka Malawi, nao hauna kampuni wala benki. Mwaka 2001 na 2002 njaa kali iliikumba nchi hiyo. Katika eneo la Wimbe, wilayani Kasungu, kijana William Kamkwamba aliacha shule ya sekondari kwa kuwa wazazi wake, ambao ni wakulima, hawakuwa na karo. Akawa anakwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, na humo akakuta kitabu cha nishati chenye picha za mitambo ya upepo. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, alianza kuunda mtambo wake kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na nguzo za miti. Mtambo ukawasha taa nyumbani kwao.

Kijana huyo alipokuwa akiokota vyuma chakavu, watu walimcheka na kumwita mwendawazimu. Msomi wa kigeni angeweza kusema: tazama, jamii inamkandamiza mvumbuzi. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Kijana hakufanya kazi peke yake. Binamu yake na rafiki yake walikuwa pamoja naye, na rafiki huyo, mtoto wa chifu, ndiye aliyetoa fedha za kununulia dainamo ya baiskeli ambayo pasipo hiyo mtambo usingetoa umeme. Baba yake, aliyekuwa na sababu zote za kumtuma shambani, alimwacha ajaribu. Na taa ilipowaka, wale waliocheka walikuja kuomba kuchaji simu zao. Juni 2007, miezi michache tu baada ya Kenya kuzindua M-Pesa, kijana huyo alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa uliofanyika Arusha, hapa Tanzania, akaeleza kazi yake kwa maneno machache.

Jamii moja basi ilikuwa na sauti mbili. Sauti ya kicheko ilitokana na hofu ambayo mtu hapaswi kuidharau. Katika mwaka wa njaa, mkono unaounda kitu kisichojulikana ni mkono usiolima, na kosa la mmoja laweza kuwa njaa ya wote. Mkulima maskini haogopi jambo jipya kwa sababu ni mjinga. Huogopa kwa sababu hana akiba ya kukosea. Sauti ya pili ilikuwa ya watu watatu au wanne waliokubali kugawana hasara ya kijana mmoja: huyu alitoa fedha, huyu alitoa nguvu, huyu alitoa ruhusa. Fundisho ni bayana. Anayetaka watu wathubutu, kwanza na awapunguzie gharama ya kukosea.

Mfano wa tatu ni wa Rwanda, ambako mthubutu alikuwa serikali yenyewe. Nchi hiyo ni ya milima, na barabara za kwenda katika hospitali nyingi za vijijini ni za kupanda na kushuka. Damu ya kuongezewa wagonjwa ni kitu kisichongoja. Chembe sahani za damu huhifadhika kwa siku chache tu, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa nyingi. Oktoba 2016 ilizinduliwa huko Muhanga huduma ya kupeleka damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kwa mapatano kati ya serikali na kampuni ya Kimarekani ya Zipline. Hospitali huagiza, ndege hurushwa kwa mtambo mithili ya manati, huangusha kisanduku kwa mwavuli mdogo, kisha hurejea. Kituo cha pili kilifunguliwa baadaye Kayonza, mashariki ya nchi.

Wakati huo nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinabishana kama ndege za namna hiyo ziruhusiwe kupita juu ya vichwa vya watu. Rwanda ilikubali kujaribu, tena ilianza na shehena moja tu, yaani damu, na ndege zikaruka chini ya uangalizi wa mamlaka ya anga. Baada ya hapo dawa nyingine na chanjo zikaongezwa. Katika kuthubutu huko, Rwanda ilikuwa na hazina ya desturi zake. Iko umuganda, siku ya kazi za pamoja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Iko pia imihigo, ambayo zamani ilikuwa ahadi ya shujaa mbele ya watu, na tangu mwaka 2006 imekuwa mkataba ambao viongozi wa wilaya hutia saini mbele ya Rais, wakiahidi watakachotimiza kwa mwaka. Palipo na ahadi ya hadharani, kazi haikosi mwenyewe. Mganga, mhandisi, mwangalizi wa anga na kiongozi wa wilaya kila mmoja anajua fungu lake.

Hata hivyo, Rwanda inajua kuliko nchi nyingi upande wa pili wa utii. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, viongozi waovu waliyaita mauaji kuwa ni kazi, na wakaitumia lugha ya kazi za pamoja kuwakusanya watu wakaue majirani zao. Ni onyo kwa wanadamu wote. Desturi ya kufanya kazi pamoja haina wema wala ubaya ndani yake mpaka ijulikane kama mtu mmoja katika kundi ana haki ya kusema hapana. Na katika jambo dogo zaidi, yaani katika mradi wa kawaida wa mitambo, kila mfumo wa ahadi za hadharani una hatari yake: kama kushindwa ni aibu isiyovumilika, mtu ataipamba taarifa kuliko kukiri kwamba ameshindwa. Damu iliyokwisha muda wake haipati uhai kwa kuandikwa vizuri katika daftari.

Kutokana na mifano hiyo mitatu, jambo moja linajitokeza. Swali la maana si kama watu fulani ni wa jamii au ni wa kujitegemea, wala kama ni waoga au ni jasiri. Swali ni kama katika kazi yao hasara inagawanywa kwa haki, na kama habari mbaya inaweza kupanda kutoka chini kwenda juu bila kumwumiza anayeileta.

Katika jambo hili la pili ndipo desturi za Afrika Mashariki zinapopaswa kuangaliwa kwa makini. Mtoto hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni mafundisho mema, na bila hayo hakuna nyumba wala nchi. Lakini yakipelekwa kiwandani bila kutafakariwa, huzaa hatari. Fundi kijana wa zamu ya usiku anasikia mtambo ukitoa mlio usio wa kawaida. Mhandisi mkuu alikwisha sema mchana kwamba mtambo ni mzima. Je, kijana azime mtambo na kumwamsha mkubwa, au anyamaze? Akinyamaza, ataitwa mwenye adabu mpaka asubuhi, na asubuhi taifa litahesabu hasara. Mtambo haujui cheo. Haumwogopi mkurugenzi wala haumwonei haya mgeni rasmi.

Bahati njema ni kwamba hekima ya wazee haikuishia katika utii. Wazee hao hao walisema kwamba kuuliza si ujinga, na katika mabaraza yao palikuwa na nafasi ya kila mtu mzima kusema kabla mkubwa hajafunga shauri. Mkubwa aliyesikiliza kwanza na kuamua mwisho hakupungukiwa na heshima, aliongezewa. Kwa hiyo mwenye kutaka fundi kijana aseme hana haja ya kwenda kuazima desturi ng’ambo ya bahari. Akumbushe tu kwamba baraza ni mali ya Waafrika kama utii ulivyo mali yao.

Tanzania nayo inao mfano wa kujivunia katika mambo haya. Huduma ya fedha kwa simu iliyoanza Kenya ilifika nchini mwaka 2008 kupitia kampuni ya Vodacom, na mwanzoni haikuenea kwa kasi ile ya Kenya. Nchi ni kubwa, watu wameishi mbalimbali, na wateja walikuwa wamegawanyika baina ya makampuni kadhaa. Aliyekuwa na simu ya kampuni moja alipata taabu kumtumia fedha ndugu aliye na simu ya kampuni nyingine. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel, zilizokuwa zikigombea wateja wale wale, zilikaa pamoja na kukubaliana kwamba fedha zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Katika Kenya, hatua ya namna hiyo ilianza mwaka 2018. Katika jambo hilo, aliyetangulia kuthubutu alikuwa Tanzania.

Itakuwa makosa kusema kwamba hayo yalitokana na desturi peke yake. Pale ambapo hakuna kampuni moja iliyowameza wateja wote, kila mmoja huona faida ya kushirikiana, na wasimamizi wenye busara wana sehemu yao. Lakini hata faida inapoonekana, washindani hawaketi meza moja kama hawaaminiani kiasi fulani, na hawaaminiani kama hawakuandika kanuni: nani atalipa ada ipi, na hesabu kati yao zitalinganishwa vipi. Ni sawa na msaragambo wa Upare. Kazi ya mfereji ilikuwa ya wote, lakini kila mtu alijua zamu yake, na asiyetokea alijulikana.

Miradi mikubwa inaendelea kujengwa katika nchi hizi: reli, mabwawa ya umeme, mitandao ya mawasiliano, mifumo ya kompyuta katika hospitali na idara za serikali. Kila mradi huja na mikataba minene inayoeleza nguvu ya mashine na muda wa dhamana. Ni vyema mikataba hiyo isomwe kwa makini. Lakini ni vyema pia wahusika wajiulize maswali ambayo hayamo humo. Je, wale watakaoutumia mtambo wameulizwa wanaishi vipi, kama walivyosikilizwa wakopaji wa Thika? Je, yuko atakayemnunulia dainamo kijana mwenye wazo, kabla ya kumcheka? Je, aliyetia saini ahadi anaweza kukiri mapema kwamba ahadi haitatimia, ili marekebisho yafanywe? Na je, fundi wa zamu ya usiku anajua kwamba akiamua kuuzima mtambo, kesho yake ataulizwa ameona nini, wala hataulizwa alipata wapi ujasiri wa kumbishia mkubwa?

Nchi inayoweza kujibu maswali hayo kwa ndiyo itafaidi mitambo yoyote itakayoinunua. Nchi isiyoweza itaendelea kununua.